Gemu ya zamani haifunguki? Anza na dalili

"Mafaili yameharibika." Ndivyo asemavyo kila anayenijia na laptopu kwapani, na ndivyo nilivyosema mwenyewe siku nilipofungua sanduku letu. Tulikuwa wanne hapa Lamu, tukatengeneza gemu ya simu: mashua inatoka Matondoni, nahodha ni mtoto, na maji yanajaa na kupwa bila kumngojea. Gemu ikatoka, watu wakaicheza, kisha kila mmoja akashika njia yake. Mmoja yuko Nairobi, mmoja Muscat, mmoja ameoa akahamia Malindi. Mimi nikabaki na sanduku la plastiki juu ya kabati. Ndani yake: laptopu mbili, diski za nje mbili, flashi tisa, daftari sita na simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Nilipotaka kuifufua gemu ile nilijiandaa kupambana na diski mbovu. Diski mbovu ilikuwa moja. Yaliyonitoa jasho ni mafaili mazima yaliyotengwa na wenzake: picha isiyo na faili dogo la kuitambulisha, muziki usio na mradi wake, mradi usio na injini (programu iliyoundia gemu) ya wakati wake, daftari ambalo anayelielewa ni aliyeliandika. Kwa hiyo kwenye dalili nyingi hapa chini nauliza kwanza: hiki kimeachana na nini?

Wala usione haya. Square Enix walipoandaa upya Kingdom Hearts ya kwanza, ya 2002, kwa ajili ya PlayStation 3, data asili haikuwepo. Ikabidi waichimbue gemu iliyouzwa madukani na kujenga upya mengi. Waliotengeneza Silent Hill HD Collection, iliyotoka 2012, walipewa msimbo (maandishi yanayoiendesha gemu) ambao haukuwa wa mwisho, wakajikuta wanapambana na kasoro zilizokwisha kurekebishwa miaka mingi nyuma. Jordan Mechner alikuwa na bahati zaidi: msimbo wa Prince of Persia ya 1989 ulipotea machoni pake miaka na miaka, hadi 2012 baba yake alipoukuta kwenye sanduku la diski nyuma ya kabati. Kumbe na wao wana kabati.

Neno moja kabla ya dalili yoyote: acha kuandika kwenye diski yenye shida. Usisakinishe humo programu ya kuokoa mafaili, usihamishe kitu, na kompyuta ikijitolea "kurekebisha", ikatalie. Kwenye diski ya kuzunguka, faili lililofutwa hubaki pale pale mpaka kingine kiandikwe juu yake. SSD, diski isiyozunguka, ni mbaya zaidi, maana husafisha yenyewe nafasi zilizofutwa bila kukuuliza. Hiyo izime mara moja.

Diski inatokea na kupotea, au inagonga

Sikiliza kwanza. Ikigonga tak, tak, tak, chomoa. Kichwa cha kusomea hakipati mahali pake, na kila dakika ya kujaribu inaweza kuikwangua data. Hapo programu za bure hazina kazi. Anatakiwa fundi mwenye vifaa na chumba kisicho na vumbi. Kwa sisi wa kisiwani maana yake ni boti hadi Mokowe, kisha basi, na diski imefungwa vizuri isigongwegongwe njiani. Pima kama vilivyomo vinastahili safari hiyo.

Kama haigongi, inatokea tu na kutoweka, usikate tamaa mapema. Badilisha waya. Badilisha tundu la USB. Iondoe kwenye kile kigawanyaji cha matundu manne ulichokinunua kwa bei ya chai, kwa kuwa diski ya nje hutaka umeme mwingi kuliko unaopita pale. Kisha mulika meno ya plagi kwa tochi ya simu. Ya kwangu yalikuwa na kutu ya kijani. Chumvi ya bahari na unyevu vimekula shaba. Chukua kitambaa kisichoacha nyuzi, spiriti ya kusafishia vifaa, sugua taratibu, ngoja ikauke kabisa. Spiriti, nasema. Yupo aliyepaka mafuta ya nazi. Na ule mchele wa kufukia simu iliyolowa, upike ule.

Kosa lilikuwa langu. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mwanzoni nikaona zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndipo mahali pa kuwekea diski: kivuli, baridi, hakuna mtoto anayefika. Lakini kusi ikishika na masika yakianza, ukuta ule hutoa jasho. Pitisha kidole, kinarudi kimelowa. Siku hizi kila kitu kimo kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya silika vya aina inayobadilika rangi, ili nijue vimeshiba lini.

Diski ikikubali kuonekana hata kwa dakika kumi, usianze kunakili folda moja moja. Chukua sura ya diski nzima, yaani nakala yake kamili katika faili moja, kwa programu ya ddrescue kwenye Linux, ukiielekeza kwenye diski nyingine iliyo kubwa zaidi:

ddrescue -d /dev/sdb sura.img sura.map

Hakikisha mara mbili kwamba sdb ndiyo diski yako mgonjwa, maana ukikosea hapo hakuna wa kukusamehe. Lile faili la map huweka kumbukumbu ya palipogoma. Stima ikikatika katikati, na itakatika, amri hiyo hiyo huendelea ilipoishia. Baada ya hapo kazi yote ifanyie kwenye sura, na diski yenyewe irudi kupumzika. Hata chkdsk, programu ya Windows ya kurekebisha diski, isubiri mpaka sura iwe mkononi, kwa sababu kazi yake ni kuufanya mpangilio wa diski ukubalike, na katika kuukubalisha hutupa vipande ambavyo wewe ungevitaka.

Orodha ya folda ikiwa imekufa, programu ya PhotoRec inaweza kukutolea mafaili kutoka kwenye sura, ila majina yote huwa yameenda: f0049152.png na ndugu zake elfu kadhaa. Usiyape majina usiku huo huo. Nitarudi kwenye majina.

Flashi imejaa vijipicha vya mshale, folda hazipo

Hii imetoka saiba, asilimia kubwa. Kirusi huzificha folda zako na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibonyeza moja, umekialika nyumbani. Folda zipo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, na kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Zitatokea. Nakili zako, tupa ile mishale na faili lolote la .exe, .vbs au .lnk usilolijua, kagua kwa programu ya kuua virusi, kisha ifomati flashi. Ukiwa na Linux ni rahisi zaidi, utaziona folda bila hata amri.

Faili kubwa haliingii ingawa nafasi ipo. Au limeingia lakini halifunguki

Hizi ni shida mbili zinazofanana sura. Faili likikataliwa kabisa na flashi ina nafasi tele, flashi imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Video ya kuonyesha gemu yetu ilikuwa GB 6. Toa vilivyomo, fomati upya kwa exFAT.

Faili likiingia kwa utulivu kisha lisifunguke, shuku flashi yenyewe. Soko letu limejaa flashi zilizoandikwa GB 512 ambazo ndani yake ni 32. Kompyuta huamini kilichoandikwa. Ukizidisha, data mpya humwagika tu. Zipime kabla ya kuzitumia, kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: huijaza flashi yote kisha huisoma tena. Kazi ya masaa, iache usiku. Katika zetu tisa, mbili zilikuwa za uongo, na mojawapo ndiyo iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito MUHIMU.

Picha zote zipo, lakini kila moja ina baiti 130 hivi

Hii ndiyo iliyonitia baridi mgongoni kuliko zote. Folda ya picha ilikuwa kamili: tanga, boriti, ngalawa, punda, kila jina mahali pake. Nikabonyeza tanga_01.png. Haifunguki. Nikabonyeza punda. Haifunguki. Tazama ukubwa: baiti 132. Nikaifungua kwa programu ya maandishi, nikakuta mistari mitatu:

version https://git-lfs.github.com/spec/v1
oid sha256: (na herufi na tarakimu 64)
size 8423911

Hiyo si picha iliyoharibika. Ni kikaratasi kinachosema picha iko ghala gani na ina uzito gani. Git, programu ya kutunza matoleo ya mradi, haipendi mafaili mazito, na GitHub, ghala la mtandaoni la miradi hiyo, hukataa faili linalozidi MB 100. Kwa hiyo timu nyingi hutumia nyongeza ya Git LFS, inayoweka mizigo pembeni na kuacha vikaratasi ndani ya mradi. Aliyekunakilia mradi bila kuwa na LFS kwenye kompyuta yake amekunakilia vikaratasi.

Ghala likiwa bado hai mtandaoni, ni dakika chache na bando la kutosha:

git lfs install
git lfs fetch --all
git lfs checkout

Usisahau --all. Bila neno hilo unapata mizigo ya toleo la leo pekee, na historia yote ya michoro, yaani ile mashua ya kwanza iliyokaa kama kiatu, inabaki huko. Hata git clone --mirror, ambayo wengi huiona ndiyo nakala kamili, haichukui mizigo ya LFS.

Ghala likiwa limefungwa, usitupe vikaratasi. Zile herufi 64 ni alama ya kidole ya picha halisi. Piga hesabu ya SHA-256 kwa kila picha uliyo nayo kwenye laptopu na flashi zote, kisha linganisha. Picha inayolingana ni ile ile, hata kama jina lake ni f0049152.png. Kwa njia hii nilizipata nyingi katika vile vilivyookolewa na PhotoRec, na majina yao yakarudi yenyewe, kwa kuwa kikaratasi kilikuwa na jina na picha ilikuwa na mwili.

Mradi unafunguka lakini kila kitu kina rangi ya waridi, au vitu vimekosa tabia

Rangi ya waridi kali haina maana moja. Kwenye Blender, programu ya kuundia maumbo, waridi ni picha ya juu ya umbo haikupatikana; mara nyingi njia imeandikwa kuanzia C:\Users na jina la mtu ambaye laptopu yake ilishauzwa. Nenda kwenye menyu ya File, kisha External Data, uionyeshe folda ilipo. Halafu uzifungie picha ndani ya faili lenyewe kwa Pack Resources kabla hujalihifadhi. Kwenye Unity, mojawapo ya injini za gemu, picha ikikosekana umbo huwa jeupe tu. Waridi huko ni shida ya sheda, yaani maagizo ya kulipaka umbo rangi, aghalabu kwa kuwa mradi umefunguliwa kwa mfumo tofauti wa uchoraji. Ukitafuta picha wakati shida ni sheda utakesha.

Kama vitu vipo lakini nahodha hatembei, na Unity inalalamika kuwa skripti haipo ilhali unaiona kwa macho yako, tafuta mafaili ya .meta. Kila kitu ndani ya folda ya Assets kina pacha wake: tanga.png na tanga.png.meta. Humo ndani mna namba ya utambulisho, na Unity hujuana na vitu kwa namba hiyo, si kwa jina. Mtu "akisafisha" folda na kufuta hivi vifaili vya ajabu, Unity hutengeneza vipya vyenye namba nyingine, na kila uhusiano unakatika. Najua, kwa sababu msafishaji alikuwa mimi. Dawa ni kuvitafuta katika nakala yoyote ya zamani, hata mbovu, na kuvirudisha kabla Unity haijafunguliwa. Hakuna nakala? Utaunganisha kwa mkono, kimoja kimoja.

Kwa hiyo unapohifadhi mradi wa Unity, chukua Assets, Packages na ProjectSettings pamoja na kila .meta. Folda ya Library iache. Ni nzito kuliko zote na injini huijenga upya. Kwenye Godot 4, injini nyingine, inayofanana nayo ni .godot.

Injini inasema mradi ni wa toleo jingine

Usibonyeze Kubali. Ukikubali, mafaili hubadilishwa na mara nyingi hakuna kurudi. Nakili kwanza, kisha ujue toleo lake. Unity huliandika kwenye ProjectSettings/ProjectVersion.txt. Godot: fungua project.godot utafute config_version. 4 ni ya Godot 3, na 5 ni ya Godot 4, iliyotoka Machi 2023. Sakinisha toleo hilo hasa. Na ukishalipakua, faili lake la kusakinishia liweke kando ya mradi, humo humo sandukuni. Bando ni ghali, na viungo hufa.

Programu za kuchora na za sauti nazo zina vituko vyao, nitavitaja haraka. Mradi wa Audacity wenye mwisho wa .aup ni ganda. Sauti zimo kwenye folda yenye jina lile lile na _data mwishoni, na ikiachwa nyuma umeachwa na ganda. Tangu toleo la 3.0 la 2021 ni faili moja, .aup3. Faili la Krita, .kra, ni zipu iliyovaa nguo nyingine: likigoma kufunguka, nakili, badilisha mwisho uwe .zip, fungua, utafute mergedimage.png. Tabaka utazikosa, lakini mchoro utauona.

Maneno ya wahusika yamegeuka alama

Mazungumzo yetu yalikuwa kwenye jedwali, safu moja kwa herufi za Kilatini na nyingine kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu wazee waliotusomea walisoma hivyo. Nilipolifungua, safu ya pili ilikuwa takataka. Hapa angalia takataka ni ya namna gani. Ukiona Ø§Ù„ na vinyama vya aina hiyo, furahi. Herufi zote ziko salama, zimesomwa tu kwa ufunguo usio wao. Fungua tena ukichagua UTF-8. Ukiona ???? basi, hizo zimekufa. Programu ilipohifadhi ilikosa namna ya kuandika alifu, ikaandika alama ya kuuliza badala yake, na alama ya kuuliza haikumbuki ilikuwa nini. Tafuta nakala ya mapema. Excel ina CSV (jedwali la maandishi matupu) mbili kwenye orodha yake ya kuhifadhi, na ya kawaida ndiyo hiyo inayoua. Chagua iliyoandikwa UTF-8.

Sauti au picha ni hafifu kuliko unavyoikumbuka

Jina likiwa IMG, tarehe, kisha WA na namba nne, imepita WhatsApp, na WhatsApp hubana picha isipotumwa kama dokumenti. Asili iko kwenye simu ya aliyetuma, kama hajaibadilisha.

Sauti tuliyoitaka sana ilikuwa ya bibi mmoja wa Langoni, aliyetueleza habari za pepo zinazovuma baharini ili tuziweke kwenye gemu. Kilichobaki kwenye folda ni ujumbe wa sauti wa sekunde 40, uliobanwa mpaka punda anayelia nyuma anasikika kama redio inayotafuta stesheni. Sisi wenyewe tulitumiana hivyo kwa haraka, tukasahau. Ile simu yenye kioo kilichopasuka ndiyo iliyorekodi. Niliipeleka kwa fundi kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nikamwambia nataka kioo kipya. Akaniuliza, "Unataka kioo au unataka vilivyomo, ami?" Akaniunganishia kipanya kwa waya wa kugeuza, nikaifungua simu kwa kipanya bila kugusa kioo. Kwenye folda ya kinasa sauti mlikuwa na rekodi ya dakika 22. Bibi anaanza kwa kutukemea: "Hamwandiki? Mutasahau."

Tuliandika baadaye, pamoja na ridhaa yake: sauti itumike wapi, nani aisikie, na jina lake litajwe au la. Karatasi hiyo ni sehemu ya mafaili ya gemu kama msimbo ulivyo. Bila hiyo, anayekuja kuifufua gemu miaka kumi baadaye hajui kama anaruhusiwa kuiweka sauti ile mahali popote.

Gemu ni yako lakini duka la simu linakataa toleo jipya

Umepoteza ufunguo wa kutia sahihi, faili linalolithibitishia duka kuwa gemu ni yako. Tafuta mafaili yenye mwisho wa .jks au .keystore. Gemu mpya zilizoingia Google Play tangu Agosti 2021 zina nafuu: Google hushika ufunguo wa mwisho, na wako wa kupandishia ukipotea waweza kuomba ubadilishwe. Za kabla ya hapo ambazo hazikujiunga na utaratibu huo hazina mlango. Itabidi itoke kama gemu nyingine. Na ufunguo bila pasiwadi ni bure. Yetu niliikuta ukurasa wa mwisho wa daftari la nne, chini ya hesabu ya deni la mkate wa mofa.

mwisho, mwisho2, mwisho_kabisa, mwisho_HUU

Upi ndio wa mwisho? Usiulize tarehe peke yake. Ukinakili faili, tarehe inaweza kuwa ya siku ya kunakili. Na laptopu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa hurudi miaka ya nyuma kila ikizimwa. Fungua yote manne, linganisha. Kwanza ondoa mapacha wa kweli kwa alama za vidole, sha256sum kwenye Linux au certutil -hashfile jina SHA256 kwenye Windows. Mara nyingi mawili kati ya manne ni kitu kimoja.

Na hapa nina maoni yangu: usipange mapema. Watu wakipata sanduku kama letu, siku ya kwanza wanatengeneza folda nzuri nzuri na kumwaga kila kitu humo, wakiwa wameshapoteza habari kwamba flashi hii ilikuwa ya mchoraji na ile ya mwandishi wa msimbo. Mpangilio mbaya wa mtu ni ushahidi wa namna alivyofanya kazi. Mimi nina folda ya asili, ambamo kila diski na flashi imeingia kama ilivyokutwa, na hakuna ruhusa ya kubadilisha hata jina moja. Pembeni ndipo nina nakala ya kufanyia kazi: msimbo, picha, sauti, maandishi, matoleo yaliyotoka, na watu. Juu ya yote kuna faili la maandishi matupu liitwalo SOMA, linaloeleza toleo la injini, nani alifanya nini, na nini hakijapatikana.

Akaunti ya mtandaoni imefutika, au faili limetoweka kila mahali kwa pamoja

Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Sera hiyo ilianza kutekelezwa Desemba 2023. Akaunti ya timu ndiyo huangukia hapo, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anaiangalia. Na folda inayojioanisha na mtandao haihesabiki kama akiba, maana ukifuta huku inafuta na kule. Wataalamu wa istilahi huiita nakala ya akiba chelezo, jina ambalo watu wa bahari tulikuwa nalo kwa kitu kinachoelea. Kinachoelea hakifungwi kwenye jahazi linalozama. Tuna nakala tatu: diski moja kwangu, moja Malindi kwa mwenzetu, moja mtandaoni.

Daftari

Kurasa zilizogandana kwa unyevu usizibandue zikiwa zimelowa. Ziache zikauke kivulini, na feni mbali. Toa pini na stapo, hutoa kutu na kutoboa karatasi. Skani kwa dpi 300, na 600 kwa michoro. Mchwa wanapenda sakafu, kwa hiyo sanduku likae juu.

Kila kitu kinafunguka, lakini hakuna anayejua ni nini

Hii haina amri. Inataka watu. Wenzangu hurudi Lamu wakati wa Maulidi, na usiku mmoja tunatoa laptopu barazani, tunafungua faili moja moja na simu ikirekodi. Ndipo tulipojua kwamba ile folda iitwayo "samaki" ni sauti za milango, na kwamba herufi MK kwenye msimbo ni mtaa wa Mkomani. Mwaka jana yule wa Muscat hakuja. Katika daftari la tatu kuna mchoro wake: duara tatu, mshale, na maneno "hapa mtoto anageuka". Anageuka kwenda wapi, au anageuka kuwa nini, sisi watatu tulibishana mpaka kahawa ikaisha. Nilimpigia, akacheka, akasema hawezi kueleza bila kuliona. Nimeweka kipande cha karatasi kwenye ukurasa huo, amekata tikiti.